Kupe wa Matumbawe

Baada ya arobaini ya mama tulikaa chini, mimi na wadogo zangu, tukagawana alivyoacha. Havikuwa vingi: kanga, cherehani, sufuria, na godoro ambalo kila mmoja alimsukumia mwenzake. Mdogo wangu wa kike akatoa kikopo cha bati kutoka chini ya sanduku akasema mama alikitolea maagizo kabla hajazidiwa. "Alisema apewe dada Rehema. Alisema wewe unajua ni cha nini." Nilikipokea huku nikimtazama usoni, nione kama anajua zaidi ya alivyosema. Hakuonekana kujua.

Kilikuwa kikopo cha mviringo cha dawa ya viatu, kimeshika kutu pembeni. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akitilia humo ugoro wake. Niliingia nacho chumbani, nikafunga mlango, nikakifungua kwa ncha ya kijiko. Ugoro ulinipiga kwanza, nikapiga chafya. Chini ya ugoro kulikuwa na harufu nyingine, shombo ya bahari, nyembamba lakini ile ile, baada ya miaka yote hiyo. Nilikifunga haraka nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Mimi ni mtu wa kushuku, siwezi kukataa. Nimeshuku mafundi, nimeshuku wauza nyama, na marehemu mume wangu nilimshuku mpaka akazoea. Watu hudhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo, nilijifunza nyumbani kwetu, kwenye nyumba za reli pale Shinyanga, mwaka ambao matumbawe ya baba yalianza kuliwa.

Baba alikuwa mtu wa Tanga, msaidizi wa stesheni masta, na reli ilikuwa imemtupa mbali kabisa na alikozaliwa. Shinyanga ya wakati ule maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kupangia foleni. Basi Mzungu mmoja wa mgodi wa almasi, alipokuwa anafungasha kurudi kwao, alimwachia baba tangi la kioo lenye fremu ya chuma, pampu ndogo ya hewa na taa yake ndefu. Mtu mwingine angefugia humo samaki wa bwawani, au angeliuza. Baba alilijaza bahari. Maji yalitoka Dar es Salaam kwenye madumu, ndani ya behewa la gadi, msimamizi wa treni, siku mbili njiani. Mawe yenye matumbawe hai yalitoka Tanga kwa ndugu yake, yamefungwa kwenye magunia mabichi. Mengi yalifika yamekufa na nyumba ikanuka wiki nzima. Machache yaliishi, na hayo machache yalikuwa ndiyo furaha ya baba duniani, nadhani kutupita sisi.

Kulikuwa na jiwe moja nililolipenda kuliko yote. Lilikuwa limeota vishina laini vya rangi ya udongo mwekundu, na juu ya kila kishina kulikuwa na vidole vidogo vilivyofumba na kufumbua mchana kutwa. Mimi niliviita viganja. Asubuhi jua likiingia kwa dirisha la sebuleni viganja vyote vilifumbua pamoja, nami nilisimama pale na kikombe changu cha uji mpaka mama anipigie kelele kwamba nachelewa shule. Baba aliniambia vile si mmea wala si jiwe, ni mnyama, tena ni wanyama wengi wanaoishi pamoja bila ugomvi. Nilimwamini kwa sababu alikuwa baba, ila moyoni nilijua ni mikono.

Mwaka huo bibi alihamia kwetu kutoka Samuye. Sababu yake ilisemwa kwa sauti ya chini, na mimi niliisikia kwa kujifanya nimelala kwenye mkeka. Kule kijijini walikufa ndama wawili kwa mkupuo, kisha akafa mtoto mchanga wa shemeji yake, na watu wakaanza kuyaongelea macho ya bibi. Yalikuwa mekundu kweli. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliopikia miaka hamsini, lakini mtu akishatafuta mchawi hakumbuki moshi. Mama alikwenda mwenyewe akamleta na kitenge chake, kigoda chake na kikopo chake cha ugoro. Nilisikia akimwambia baba, "Hapa ndipo mahali pake pa mwisho. Akitoka hapa hana pengine." Baba akasema, "Mama ni mama. Akae."

Akakaa, lakini si kama baba alivyotegemea. Kwa Wasukuma wa umri wa bibi, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Hawaketi chumba kimoja, hawasemeshani, na jina la mwenzako hulitamki. Baba akirudi kazini alikohoa mara mbili getini, na bibi alinyanyua kigoda, akafunika uso kwa kitenge, akazunguka nyuma ya nyumba hadi jikoni. Sebuleni aliingia wakati baba yuko stesheni tu. Wakiwa na neno walipitisha kwangu. "Mwambie baba yako sukari imeisha." "Mwambie bibi nimeagiza blanketi." Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mtu mkubwa sana, maana nyumba nzima ilitegemea ulimi wangu.

Baba aliijua mila ile tangu alipooa, lakini kuijua na kuishi nayo ni mambo mawili. Siku moja nilimsikia akilalamika kwa mama, nusu kwa utani. "Kwetu mkwe unamwamkia, anakuitikia, mnakunywa kahawa. Huyu miezi mitatu sasa sijui hata uso wake ukoje. Mtu akikukwepa hivi, hata kama huna wazo, wazo linakuja."

Mama hakucheka. "Anakuheshimu, Baba Rehema," alisema. "Mshukuru."

Ilikuwa baada ya hapo ndipo viganja vilipoanza kupungua. Kwanza nilidhani nimehesabu vibaya. Kishina kimoja kilikuwa na kipara, kama kimenyolewa. Kesho yake viwili. Baba alikuja akapiga magoti mbele ya kioo na kofia yake ya reli kichwani, akatazama muda mrefu, kisha akaanza kushuku.

Alimshuku kwanza gadi. Aliamini kuna gadi anayemwaga maji ya bahari njiani na kujaza ya bomba Tabora, kwa sababu ambayo hakuweza kuieleza. Basi kila dumu lililoteremshwa alilionja palepale kwenye jukwaa mbele ya abiria, akitema na kutikisa kichwa, na abiria wakidhani labda ni dawa ya tumbo. Maji yalikuwa ya chumvi yote. Akahamia kwa kaa mdogo aliyekuwa akiishi kwenye tundu la jiwe bila kumsumbua mtu. Alimtoa kwa koleo akamweka kwenye beseni peke yake, mahabusu. Kaa alikaa ndani wiki mbili, viganja vikaendelea kupungua, na baba hakumwachia huru hata hivyo, akisema huenda ana wenzake. Kisha akaninusa mimi mikono kama ina sabuni, akidhani naichovya majini. Niliumia sana siku ile, nikalia nyuma ya choo, nikaapa kwamba nitamtafuta mwenye kosa mimi mwenyewe.

Aliyenionyesha pa kutafuta ni Mama Anjela, jirani yetu, mke wa fundi wa njia ya reli, mtu wa Ushirombo aliyekuwa akija kwetu kuomba chumvi hata akiwa na chumvi. Alisimama mbele ya tangi, akatazama vile vipara, akatazama mlango wa jikoni ambako bibi alikuwa akichagua mchele.

"Vilianza lini kufa?" aliniuliza.

"Mwezi huu."

"Na bibi yako alikuja lini?"

Nilimwambia. Alijifunga kanga yake vizuri akaondoka, na chumvi aliyoijia akaisahau mezani. Nilibaki nimesimama pale, na tangu dakika ile nikaanza kumwangalia bibi kwa macho mengine.

Nilimpenda bibi. Nalisema wazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kuficha hilo. Nililala naye kitanda kimoja, alinisuka nywele, alinichekea nikikosea Kisukuma. Lakini ukishaanza kumvizia mtu unayempenda, hata kukohoa kwake kunakuwa ushahidi. Niliona kwamba huingia sebuleni baba akitoka tu. Niliona kwamba hutazama njia kwanza. Niliona kwamba kile kikopo, ambacho zamani alikiweka juu ya kigoda mtu yeyote akione, sasa alikifunga kwenye pindo la kitenge.

Siku moja tulitoka shule mapema. Sikuingia kwa mlango, nilikwenda dirishani nikachungulia. Bibi alikuwa amesimama mbele ya tangi, mkono wake wa kulia umezama majini mpaka kwenye kiwiko, macho ameyafumba. Midomo yake ilikuwa inacheza. Vidole vyake vilikuwa vinapita taratibu katikati ya viganja, kutoka chini kwenda juu, kutoka chini kwenda juu. Mara akatoa mkono, akafungua kikopo, akatia kitu ambacho sikukiona, akafunga. Kisha akakausha kioo kwa pindo la kitenge ili pasibaki alama. Nilisema moyoni, ndiye.

Jioni ile, baba hajarudi, bibi aliniita jikoni akanikalisha karibu naye. Alisema kwa Kisukuma, polepole, kama alivyofanya kila aliponipa neno la kupeleka. "Ng'wana wane, mwanangu, mwambie baba yako mnyama wake ana kupe. Kupe huyo amevaa ngozi ya mnyama mwenyewe, kwa macho hutamwona. Mwambie asitazame. Atie mkono apapase, kutoka chini kwenda juu, kama unavyompapasa ng'ombe sikioni. Mayai yake ni meupe, yamejikunja chini ya jiwe. Mimi nimewatoa niliowaweza, lakini mkono wangu haufiki nyuma. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Rudia."

Nilirudia neno kwa neno. Nilikuwa hodari wa kurudia. Alinipapasa kichwa akasema, "Wabeja," yaani asante, akavuta ugoro wake kwa raha kama mtu aliyetua mzigo.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia jambo lingine kabisa. Kupe nilikuwa nawajua; wanakaa kwenye nyasi na kwenye ng'ombe, hawaishi majini, mtoto yeyote wa Shinyanga analijua hilo. Kwa hiyo kupe alikuwa uongo. Na kama kupe ni uongo, bibi anataka nini? Alitaka baba atie mkono kwenye maji yale aliyoyasemea maneno. Niliona mkono wa baba ukianza kunyauka kutoka vidoleni, kidole kimoja leo, kimoja kesho, kama vile viganja. Baba akakohoa getini mara mbili, bibi akazunguka nyuma, na mimi nikaenda kumpokea baba mfuko wake nikiwa nimeshaamua. Ujumbe wa bibi ulibaki kinywani mwangu. Nilimpa ule wangu.

"Baba, ukiwa kazini bibi anatia mkono kwenye tangi. Halafu anasema maneno."

Baba alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akaenda kunawa mikono ingawa chakula kilikuwa bado.

Baba na mama waliongea chumbani kesho yake, mlango umerudishwa, mimi nikiwa nafagia ukumbi mahali pamoja kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Sijasema yeye ni nini," baba alikuwa akisema. "Mimi siamini mambo hayo. Nasema tu arudi kwake apumzike kidogo."

"Kwake ni wapi?" sauti ya mama ilikuwa ndogo na kavu. "Unajua alichokimbia. Akirudi leo, kule watasema hata mkwewe msomi wa mjini kamwona. Unampa neno la kwenda nalo shingoni."

"Basi mwulize alikuwa anafanya nini mle!"

"Nimemwuliza. Kasema neno lako ameshalituma."

Mimi nikaongeza kasi ya kufagia. Nafikiri baba alidhani ni msemo wa Kisukuma tu, maana hakuuliza ni neno gani wala limepita wapi. Mama je, alijua limepita kwangu? Hilo ndilo ninalojiuliza sasa nikishika kikopo hiki.

Bibi aliondoka siku ya tatu juu ya lori la pamba lililokuwa linarudi tupu. Alipanda na kigoda chake. Hakulia wala hakuuliza kitu. Alifunika uso kwa kitenge kwa sababu baba alikuwa amesimama barazani, na baba akageuka akatazama ukuta, kwa hiyo hawakuonana hata siku ile. Mimi alinishika kidevu akanitazama kwa macho yake mekundu, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nikaangalia chini. Kikopo alikiacha juu ya ukuta wa jiko, na hakuna aliyethubutu kukigusa, hata Mama Anjela aliyekuja mara mbili siku hiyo kuomba chumvi.

Nilisubiri viganja virudi. Kila asubuhi nilisimama na uji wangu nikisubiri. Badala ya kurudi vilikwisha kwa kasi zaidi, na sasa hakukuwa na wa kumsingizia. Baba alisema labda ni joto. Mimi nilisema moyoni kwamba bibi ameacha kitu nyuma. Mama aliacha kuimba akipika. Alimwekea baba chakula, akamwekea maji ya kuoga, akamjibu kila alichoulizwa, na nyumba ikawa baridi pamoja na jua lote lile la Shinyanga.

Ukimya wa mama ndio ulionishinda. Siku moja wametoka wote wawili nilibeba kiti mpaka kwenye tangi, nikapanda, nikakunja mkono wa gauni langu la shule. Niliwaza hivi: mkono ukininyauka, basi nilisema kweli na bibi alistahili. Usiponinyauka, basi... Sikumalizia wazo hilo. Nilitia mkono majini, nikafumba macho, nikapapasa kutoka chini kwenda juu. Viganja vililainika chini ya vidole vyangu, vikajikunja, kimoja baada ya kimoja. Kisha nikagusa kimoja ambacho hakikujikunja. Kilijikaza. Nikakivuta, kikaachia kishina, kikaning'ang'ania kidoleni.

Nilipiga kelele baba akaisikia akiwa getini, akaingia mbio bila kukohoa. Juu ya kidole changu alikuwepo mdudu wa urefu wa punje mbili za mchele, konokono asiye na nyumba, mgongo wake wote umeota vidole laini vyekundu, sawasawa na vya matumbawe, mpaka ncha zake zilizopauka. Ukimrudisha juu ya jiwe humwoni tena. Baba alimrudisha mara tatu ahakikishe, na mara tatu alimpoteza akiwa mbele ya pua yake. Chini ya jiwe tulikuta mayai meupe yamejikunja kama uzi. Jiwe lile lilikuwa limetoka Tanga kwa ndugu yake baba, juma lile lile bibi alilohamia kwetu. Kati ya wote tuliowashuku, jiwe halikuwamo.

"Mwanangu una macho," baba alisema. Alininyanyua juu kama nilipokuwa mdogo. "Mtu mzima nimetazama miezi miwili sikuona. Umejuaje kupapasa?"

Nilisema nimejua tu. Kufika jioni stesheni nzima ilikuwa na habari, baba akimwambia kila mtu kwamba binti yake, binti yake wa miaka tisa, amemkamata mwizi. Nilipewa soda na karani wa tiketi. Niliinywa yote, na mpaka leo nakumbuka ilivyokuwa tamu, ndiyo maana sijisamehi.

Mama peke yake hakunisifu. Alikwenda jikoni, akakitoa kile kikopo ukutani, akakifungua mbele yetu juu ya meza ya kulia. Ndani ya ugoro kulikuwa na vitu vilivyokauka, vimekunjamana, kila kimoja na vidole vyake mgongoni. Baba alivihesabu kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa kumi na kimoja.

"Alikuwa anakutolea," mama alisema. "Kama anavyomtolea ng'ombe kupe."

Baba alikaa kitako. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. "Mbona hakusema?"

"Akuambie wewe kwa kinywa gani? Angemtuma mtoto."

Wote wawili wakanigeukia. Baba alikuwa anauliza tu. Mama alikuwa anatazama.

"Hakuniambia kitu," nilisema.

Jumamosi baba aliomba ruhusa, tukapanda lori kwenda Samuye, mimi na yeye. Alibeba kitenge kipya, sukari, na ugoro mzuri kutoka dukani. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, midomo inacheza, kama bibi mbele ya tangi. Tulimkuta bibi amepewa kijumba cha pembeni kabisa mwa boma la shemeji zake, nje ya uzio mkubwa, na hakuna mtoto aliyekuwa anacheza upande ule. Baba hakuvuka uzio mdogo wa minyaa uliokizunguka. Alisimama nje, akageuza mgongo, akatazama mashamba, akanipa maneno yake.

"Mwambie mama, mimi mkwe wake nimekosa. Mwambie nimemwona mdudu. Nimemdhania vibaya mtu aliyekuwa ananisaidia, na ninaona aibu. Arudi nyumbani. Nitamwomba mbele ya watu wote hapa, wasikie. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Rudia."

Nikarudia, nikaingia. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kivulini. Nilimwamkia, akaniitikia kwa sauti ile ile ya zamani, akanivuta nikae. Nilimpa kitenge na vitu vingine, kisha maneno ya baba yote, sikupunguza hata moja. Aliyasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Yale maneno yangu," aliuliza, "ulimfikishia?"

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa rahisi, neno moja tu, na hapakuwa na mtu mwingine karibu. Lakini baba alikuwa nje ya uzio akiniamini, soda ilikuwa imeshanyweka, na bibi alikuwa ananitazama.

"Nilimfikishia," nilisema.

Bibi akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika. Kitu fulani kilizimika tu usoni pake, nami nilikiona kikizimika. "Basi mwambie hivi. Nilimtumia neno kabla hajanifukuza, akalisikia, akaona neno langu si kitu. Mtu aliyekusikia akakufukuza hata hivyo, ukirudi kwake utakaaje? Mwambie namshukuru kwa kitenge. Siji."

Nilitoka. Nilitembea polepole kuliko nilivyowahi kutembea, na uzio ule ukafika upesi hata hivyo. Maneno ya bibi yalikuwa yote kinywani, hakuna hata moja lililopotea. Nikiyatoa, baba atauliza, neno gani?

"Amesemaje?" baba akauliza, bado kanipa mgongo.

"Amesema anashukuru kwa kitenge. Amesema amechoka na safari, atapumzika huku."

Baba aliyatazama mashamba. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Bibi hakukaa Samuye. Baba hakumwomba mbele ya watu, kwa kuwa alidhani hajakataliwa, ni safari tu iliyoahirishwa, na kabla mwaka haujaisha wale shemeji walimwambia bibi waziwazi aondoke. Alikwenda kwa mdogo wake kule Runzewe, mbali, na huko ndiko alikofia bila kutuona tena. Habari ilitufikia kwa barua. Baba aliisoma mara mbili akasema, "Alikataa kuja kwangu bibi wa watu. Aliniambia amechoka, kumbe hakunisamehe." Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. Tangi lilikaushwa, na miaka iliyofuata mama aliuzia humo maandazi.

Baba naye ametutoka zamani. Kikopo kiko mbele yangu mezani, na nimekifungua tena. Nilikuwa hodari wa kurudia, na bado ninakumbuka: mnyama wako ana kupe, baba. Bibi amesema usitazame. Tia mkono upapase, kutoka chini kwenda juu.